Aliyeficha Awajibike
Ilani ya kuanzisha harakati kuhusu uhalifu na adhabu katika michezo ya vyuo vikuu vya Marekani

Sisi ni nani

Sisi tunaotia saini ilani hii ni wasemaji wa Kiswahili: wazazi, wanariadha wa zamani na wahitimu wa vyuo vya Marekani. Wengine wetu tunaishi huku. Wengine wako Kenya, Tanzania na Uganda, na watoto wao wanasoma Marekani, au wanatarajia kuja kusoma, kwa ufadhili wa michezo.

Njia hii ina umri mrefu. Suleiman Nyambui wa Tanzania alikuwa mwanariadha wa Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, alipotwaa medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow mwaka 1980. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State alipovunja rekodi nne za dunia mwaka 1978. Sally Kipyego alijijengea jina Texas Tech, na Edward Cheserek alitwaa mataji 17 akiwa Oregon. Mataji hayo hutolewa na NCAA, chama cha taifa kinachosimamia michezo ya vyuo. Nyuma ya majina hayo wapo vijana wengi ambao magazeti hayakuwaandika, waliokimbia, wakasoma, wakahitimu.

Mzazi anayemsindikiza mwanawe hadi uwanja wa ndege anamkabidhi kwa watu asiowajua: kocha, daktari wa timu, mkurugenzi wa michezo. Anaambiwa hao ndio watakaokuwa walezi wake huko. Ulezi huo una masharti, na sharti la kwanza ni kwamba mtoto akidhulumiwa, mlezi hatanyamaza ili kulinda jina la timu.

Tunaanzisha harakati hii kwa sababu sharti hilo limevunjwa mara nyingi, na kila lilipovunjwa wasimamizi wa michezo ya vyuo hawakujua la kufanya. Wameadhibu pasipo kanuni, kisha wakakataa kuadhibu kwa kisingizio kwamba kanuni haipo. Tunalotaka ni moja: kuficha uhalifu kwa ajili ya timu kuwe kosa la michezo, lililoandikwa, lenye adhabu inayojulikana mapema, na adhabu hiyo iwafikie walioficha.

Yaliyotokea Penn State

Novemba 2011, Jerry Sandusky alikamatwa kwa kuwadhulumu watoto kingono. Huyu alikuwa kocha msaidizi wa futiboli ya Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Penn State kwa takriban miaka 30. Watoto aliwapata kupitia shirika la hisani aliloanzisha mwenyewe mwaka 1977 kuwasaidia watoto wa familia zenye shida. Juni 2012 alitiwa hatiani kwa makosa 45 kati ya 48, na Oktoba mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miaka 30 hadi 60.

Dalili zilikuwepo zamani. Mwaka 1998 mama mmoja alilalamika kwa polisi wa chuo, na uchunguzi ukafungwa bila mashtaka. Mwaka 2001 msaidizi wa makocha alimwona Sandusky na mvulana mdogo katika bafu za jengo la timu, akamweleza kocha mkuu, Joe Paterno. Paterno alifikisha habari kwa wakuu wake, nao wakuu hawakuita polisi. Wakati huo Sandusky alikuwa amestaafu tangu 1999, lakini bado aliruhusiwa kuingia na kutoka katika majengo ya timu.

Julai 23, 2012, NCAA ilitoa adhabu. Ilikuwa siku 11 tu baada ya kutoka ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Louis Freeh, mkurugenzi wa zamani wa FBI, na NCAA haikufanya uchunguzi wake yenyewe. Chuo kilitozwa faini ya dola milioni 60. Timu ilizuiwa kucheza mechi za baada ya msimu kwa miaka minne. Nafasi za ufadhili zilipunguzwa, ushindi wa mechi 112 kati ya 1998 na 2011 ukafutwa katika kumbukumbu, na chuo kikawekwa chini ya uangalizi kwa miaka mitano.

Hebu tuangalie ni nani aliyebeba mzigo. Kijana aliyeingia timu hiyo mwaka 2012 akiwa na miaka 18 alikuwa na miaka saba wakati wakuu wa chuo walipoamua kutoita polisi. Yeye ndiye aliyezuiwa kucheza mechi alizoziota tangu utotoni. Ni kweli NCAA iliwaruhusu wachezaji kuhama bila kusubiri mwaka mzima, lakini aliyebaki alitumikia adhabu ya kosa la watu wazima waliokwisha kuondoka.

Kisha adhabu yenyewe ikabomoka. Kuanzia 2013 nafasi za ufadhili zilianza kurudishwa. Mwaka 2014 timu iliruhusiwa tena kucheza baada ya msimu. Januari 2015, katika mapatano ya kesi iliyofunguliwa na seneta wa jimbo la Pennsylvania, Jake Corman, ushindi wote ulirudishwa. Barua pepe zilizotolewa katika kesi hiyo zilionyesha kwamba maofisa wa NCAA wenyewe walikuwa na shaka kama walikuwa na mamlaka ya kutoa adhabu ile. Siku ushindi uliporudishwa watu walishangilia. Mjadala mzima ulikuwa umegeuka kuwa wa hesabu ya mechi, na watoto wale, ambao sasa ni watu wazima, wakasahaulika kwa mara ya pili.

Waliponyamaza

Baada ya kuungua Penn State, NCAA ilijirudi kupita kiasi.

Katika Chuo Kikuu cha Michigan State, daktari Larry Nassar aliwadhulumu wasichana na wanawake vijana kwa miaka mingi akijifanya anawatibu. Wapo waliosema kwamba walimweleza mtu wa chuo tangu mwaka 1997. Mwaka 2014 chuo kilichunguza malalamiko, kikamsafisha, naye akaendelea kupokea wagonjwa hadi 2016. Januari 2018 zaidi ya wanawake na wasichana 150 walitoa kauli zao, mmoja baada ya mwingine, mbele ya mahakama ya Michigan, na Nassar akahukumiwa kifungo cha miaka 40 hadi 175. Chuo kilikubali kulipa dola milioni 500 kwa manusura. NCAA ilifungua uchunguzi, na Agosti 2018 ikatangaza kwamba haikuona kanuni yake yoyote iliyovunjwa.

Katika Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, wanawake walisema walibakwa na wachezaji wa futiboli, na kwamba walipolalamika chuo hakikuwasikiliza. Mwaka 2016 kocha mkuu Art Briles aliondolewa, na rais wa chuo, Ken Starr, akavuliwa urais. Agosti 2021 NCAA ilihitimisha shauri lake. Kamati yake ilisema haikuweza kupata kanuni inayofanya kushindwa kuripoti ukatili wa kingono kuwa kosa la michezo. Kwa makosa mengine madogo chuo kikapewa miaka minne ya uangalizi na faini ya dola 5,000.

Milioni 60 upande mmoja, elfu tano upande wa pili, na chama ni kilekile. Kilichotofautisha kesi hizi ni kelele za wakati ule na woga uliofuata. Mahali pasipo na kanuni, hasira ya siku hiyo ndiyo inayohukumu, na hasira ikipoa hukumu nayo inatenguliwa.

Wala NCAA si chama kisichojua kuandika kanuni. Kitabu chake kina mamia ya kurasa. Mwaka 1987 chama kilifuta msimu mzima wa futiboli wa Southern Methodist kwa sababu wachezaji walilipwa kwa siri. Desemba 2010 wachezaji watano wa Ohio State walisimamishwa mechi tano kwa kuuza vitu vyao wenyewe, zikiwemo pete na jezi, na kuchorwa tatuu kwa bei nafuu. Kijana akiuza pete yake, kifungu kipo. Rais wa chuo akinyamazia kilio cha mtoto, kifungu hakipo. Huo ni uamuzi wa watu, na watu wanaweza kuubadilisha.

Kwa nini jambo hili ni la michezo

Wako wanaosema uhalifu ni kazi ya polisi na mahakama, na chama cha michezo kishughulike na mipira. Tunawaheshimu wenye hoja hii, nasi tunakubali nusu yake. Kumhukumu Sandusky ni kazi ya mahakama, na hakuna kamati ya michezo inayopaswa kujaribu kuifanya.

Lakini kilichomlinda Sandusky kilikuwa nini? Ripoti ya Freeh inaeleza kwamba mwaka 2000 mfanya usafi alimwona akimdhulumu mvulana katika bafu za jengo la timu. Alitetemeka, akawasimulia wenzake. Wote waliogopa kusema. Waliamini kwamba kumshtaki mtu wa futiboli pale chuoni ni kujifukuzisha kazi. Mtu mwenye ufagio alielewa vizuri mamlaka yako wapi katika chuo kile. Novemba 2011 Paterno alipofukuzwa, wanafunzi walimiminika barabarani usiku na kupindua gari la kituo cha televisheni. Hasira ile ilikuwa kwa ajili ya kocha.

Nguvu iliyomziba mdomo mfanya usafi yule ilitengenezwa na michezo: na mapato yake, viwanja vyake, mikataba yake ya televisheni na utukufu wa makocha wake. Mtu anayeficha uhalifu ili timu isichafuke anapata faida ya kimichezo. Anaendelea kusajili vijana, kuuza tiketi na kupokea michango ya wahitimu, kwa sababu wazazi hawajui alichokijua yeye. Kama malipo ya siri kwa mchezaji ni udanganyifu dhidi ya timu nyingine, basi ukimya huu ni udanganyifu mkubwa zaidi, dhidi ya timu nyingine na dhidi ya kila familia iliyokabidhi mtoto.

Tena chama hiki chenyewe kilizaliwa kwa sababu ya usalama wa vijana. Mwaka 1905 wachezaji walikuwa wakifa uwanjani, Rais Theodore Roosevelt akawaita wawakilishi wa vyuo, na mwaka uliofuata chama kikaundwa. Anayesema kulinda maisha ya wanafunzi kuko nje ya kazi ya NCAA hajasoma chanzo chake.

Mahakama nazo zina mipaka. Graham Spanier, aliyekuwa rais wa Penn State, alishtakiwa mwaka 2012, akatiwa hatiani mwaka 2017 kwa kuhatarisha ustawi wa mtoto, na baada ya rufaa nyingi akaingia jela kwa takriban miezi miwili mwaka 2021. Wasaidizi wake wawili walikiri kosa hilohilo. Miaka tisa ni mingi mno kwa mzazi anayetaka kujua kama chuo ni salama leo. Mahakama humhukumu mtu mmojammoja kwa ushahidi usioacha shaka. Haimuulizi mkuu wa chuo kwa nini kocha mstaafu bado anaingia bafuni na watoto, wala haina uwezo wa kumzuia mkurugenzi wa michezo kupata kazi ileile katika chuo cha jirani.

Adhabu tunazozikataa

Hatutetei kila adhabu. Tunakataa kuwazuia vijana wasiohusika kucheza. Tunakataa kupunguza nafasi za ufadhili, kwa sababu kila nafasi iliyokatwa ni mtoto wa mtu aliyekosa chuo. Tunakataa kufuta ushindi katika vitabu, maana hakumponyi yeyote na humgeuza aliyefukuzwa kuwa shujaa aliyeonewa. Tunakataa pia hukumu inayotolewa ndani ya siku chache ili kuwaridhisha watazamaji wa televisheni, kwani mtuhumiwa naye ana haki ya kusikilizwa.

Hata hivyo hatukubali kwamba njia nyingine haipo. Katika adhabu ileile ya Penn State yalikuwemo mambo mema. Faini haikuruhusiwa kulipwa kwa kufunga timu nyingine za chuo. Baada ya mapatano, fedha zilibaki Pennsylvania kwa ajili ya kuwalinda watoto. Ligi ya Big Ten, ambamo Penn State inacheza, nayo ilizuia mgawo wa chuo wa mapato ya mechi za baada ya msimu, takriban dola milioni 13 kwa miaka minne, ili uende kwa mashirika ya watoto. Kwa hiyo inawezekana kumgusa mwenye fedha bila kumgusa mwenye jezi.

Tunayoyadai

1. *Kanuni iandikwe.* Kiongozi, kocha, daktari au mtumishi yeyote wa idara ya michezo anayepata habari za ukatili wa kingono au ukatili dhidi ya mtoto azipeleke polisi, na kwa ofisi husika ya chuo, ndani ya saa 24. Kumweleza mkuu wako kisha ukakaa kusihesabiwe kuwa ni kuripoti. Anayeshindwa ametenda kosa kubwa la michezo.

2. *Adhabu imfuate mtu.* Aliyethibitika kuficha afungiwe kufanya kazi katika chuo chochote mwanachama, hata akihama jimbo. Mikataba ya makocha na wakurugenzi iwe na kifungu kinachofuta malipo ya kuondoka kwa mtu wa namna hii. Baylor ililipa zaidi ya dola milioni 15 kwa kocha iliyemwondoa. Malipo kama hayo yasitokee tena.

3. *Chuo kilipe kwa kadiri ya mapato yake.* Kwa muda wa adhabu timu iendelee kucheza, lakini fedha za televisheni na za mechi za baada ya msimu zisiingie chuoni. Ziende kwanza kwa manusura, matibabu yao na wanasheria wao, kisha kwa huduma za watoto katika jimbo husika. Zisitoke kwenye karo za wanafunzi, na timu ndogo kama za riadha zisifungwe ili kuzilipa.

4. *Wachezaji walindwe.* Kila mchezaji asiyehusika abaki na ufadhili wake hadi ahitimu, acheze, na akitaka kuhama ahame bila kizuizi.

5. *Jopo liwe huru.* Kesi ya nyani haiamuliwi na ngedere. Marais wa vyuo na wakurugenzi wa michezo wasikae kuhukumu wenzao. Jopo liwe na majaji wastaafu, wataalamu wa ulinzi wa watoto, manusura na wanariadha wa zamani. Lifanye uchunguzi wake lenyewe, limsikilize mtuhumiwa, litoe sababu za uamuzi kwa maandishi, na limalize kazi ndani ya miezi 12.

6. *Anayesema asipoteze chochote.* Mfanya usafi, muuguzi, mchezaji au msaidizi wa kocha anayeripoti asifukuzwe wala kunyimwa nafasi. Tunasisitiza kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni. Kijana kutoka Iten au Arusha anajua kwamba akikosa ufadhili atashindwa kulipa karo, na asiposoma viza yake haisimami. Woga huo ni silaha mkononi mwa mdhalimu. Chuo kimhakikishie kwa maandishi, siku ya kwanza, kwamba akisema ufadhili wake hauguswi.

7. *Wazazi waambiwe.* Kabla familia haijatia saini, chuo kitoe taarifa ya maandishi kuhusu mashauri ya ukatili yaliyothibitishwa katika idara yake ya michezo kwa miaka 10 iliyopita, kwa lugha ambayo familia inaisoma. Majina ya manusura yasitajwe.

Tutaambiwa haya ni mazito kuyatekeleza. Tunajibu kwa mfano wa karibu. Tangu Julai 2025 vyuo vimeruhusiwa kuwalipa wachezaji wao moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, na chombo kizima kimeundwa kuhakikisha hakuna anayezidisha. Walioweza kuunda chombo cha kuhesabu dola wanaweza kuunda cha kusikiliza watoto.

Tunayojifunga nayo

Harakati inayodai bila kujifunga haina haki ya kusikilizwa. Kwa hiyo sisi wenyewe tunaahidi.

Hatutamwita manusura mwongo kwa sababu ametaja timu tunayoishabikia. Hatutamtangaza mtu kuwa mhalifu kabla ya ushahidi kusikilizwa. Hatutataja jina la manusura asiyetaka kutajwa, wala kutumia maumivu yake kujipatia umaarufu.

Wahitimu miongoni mwetu hawatachangia viwanja wala majengo ya michezo ya chuo kinachokataa kanuni hii. Wanariadha wa zamani watazungumza na vijana kabla hawajasafiri, waziwazi, bila kuonea haya mambo ya mwili: ni mguso gani ni wa tiba na upi si wa tiba, ni nani wa kumpigia simu, na kwamba kocha akisema jambo libaki kati yao wawili, hilo ndilo la kuwaambia watu. Wazazi wataacha kuwaambia watoto wavumilie tu kwa kuwa nafasi ni adimu. Nafasi ni adimu kweli. Mtoto ni adimu zaidi.

Tunajifunga pia kudai usawa. Tutapaza sauti ileile aliyedhulumiwa akiwa msichana wa jimnastiki, mvulana asiye na baba, mwanafunzi wa kike asiyecheza mchezo wowote, au mkimbiaji aliyetoka kwetu. Tutapaza sauti ileile chuo kinachotuhumiwa kikiwa ndicho kilichotupa shahada.

Wito

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Penn State ililipa manusura zaidi ya dola milioni 100, Michigan State milioni 500, na hakuna fedha iliyorudisha utoto wa yeyote. Ukimya uliokusudiwa kulinda jina la chuo ndio uliolichafua. Mkuu wa chuo anayeisoma ilani hii aone kwamba kanuni tunayoidai inamlinda hata yeye: inamwondolea kishawishi cha kunyamaza, kwa sababu anajua mapema gharama ya kunyamaza ni ipi na kwamba itamwangukia yeye.

Tunawaita wazazi wenye watoto katika vyuo hivi watie saini. Tunawaita makocha waadilifu, ambao ni wengi, wawe wa kwanza kudai kanuni hii, maana wao ndio wanaotiwa doa na wenzao. Tunawaita vijana wa Afrika Mashariki walioko katika timu sasa hivi: mkiona, semeni, nasi tutasimama nanyi kwa mwanasheria, kwa malazi na kwa nauli.

Kwa NCAA na ligi zake tunasema hivi. Mwaka 2012 mliadhibu bila kanuni na adhabu ikaanguka. Mwaka 2018 mlisema hakuna kanuni iliyovunjwa, na mwaka 2021 mlisema mikono yenu imefungwa kwa sababu kanuni haipo. Kalamu ya kuiandika iko kwenu, na tangu leo kila mwaka utakaopita bila kuiandika tutauhesabu kuwa sehemu ya kuficha.